Ukiletewa Barua ya Mtendaji kwa Utoro wa Mwanao

Barua hizi huwa hazina maneno mengi. Juu pana muhuri wa ofisi ya kata, katikati jina lako limejazwa kwa kalamu kwenye nafasi iliyoachwa wazi, na chini yake unaambiwa ufike kwa Afisa Mtendaji wa Kata siku fulani, saa 3:00 asubuhi, bila kukosa, kuhusu utoro wa mwanao. Anayeileta mara nyingi ni mjumbe, na huileta jioni, saa ambayo majirani wote wamekaa barazani. Hujaifungua, mtaa umeshaijua.

Nimekuwa msaidizi wa kisheria wa kujitolea kwa miaka kadhaa, na nimeona barua hizo zikifanyiwa mambo matatu. Wapo wanaoikunja wakaiweka chini ya godoro, wakisubiri ya pili. Wapo wanaomtuma bibi, wakijua mtendaji atashindwa kumfokea mzee. Na wapo, ndio wengi, wanaoshika fimbo usiku uleule. Asubuhi mtoto haendi shule kwa sababu mguu umevimba, na kwenye rejista inaongezeka siku nyingine.

Ushauri wangu ni uende, wewe mwenyewe, kwa saa iliyoandikwa. Ila usiende moja kwa moja kutoka nyumbani. Siku moja au mbili kabla, pita shuleni ukaone rejista. Nitarudi kwenye rejista, kwa sababu humo ndimo kesi nyingi za utoro zinamopona au kufia. Kwanza tuwekane sawa kuhusu sheria, maana kwenye vikao hivi vitisho huwa vingi kuliko vifungu.

Sheria zinazogusa jambo hili Tanzania Bara ni mbili kubwa. Ya kwanza ni Sheria ya Elimu ya 1978, Sura ya 353. Hiyo inataka mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule aandikishwe, aliyeandikishwa ahudhurie mpaka amalize, na mzazi ahakikishe kwamba anahudhuria. Adhabu zenyewe zimo kwenye kanuni zilizotungwa chini ya sheria hiyo na kwenye sheria ndogo za halmashauri. Ndiyo maana utasikia mtu wa wilaya moja ametozwa kiasi hiki na wa wilaya ya jirani kiasi kingine, kwa kosa lilelile. Usibishane kwa habari ulizozisikia kwenye daladala. Omba uonyeshwe sheria ndogo ya halmashauri yako. Ni waraka wa umma, na ofisi ya kata inatakiwa kuwa nao.

Ya pili ni Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009. Ukiisoma ukurasa kwa ukurasa hutakuta kifungu kinachosema mtoto akitoroka shule ashtakiwe. Utakachokuta, katika kifungu cha 4, ni kwamba mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na kwamba kila uamuzi unaomhusu uanze na maslahi yake. Katika kifungu cha 8 utakuta wajibu wa mzazi: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, hata muda wa kucheza. Mzazi anayeukiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kisha kifungu cha 16 kinaorodhesha watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi: yatima, aliyetelekezwa, anayezurura bila makazi, ombaomba, anayelelewa na mlevi au mhalifu, na yeyote aliye kwenye hatari ya kimwili au ya kimaadili. Neno utoro halikuandikwa pale, lakini kaa na watoro sugu kumi uwasikilize, utaona ni wangapi wanaingia kwenye orodha hiyo kwa mlango wa uani.

Kenya waliuweka mlango huo mbele. Sheria yao ya Watoto ya 2001 ilimtaja mtoto mtoro waziwazi miongoni mwa wanaohitaji matunzo na ulinzi, mpaka sheria mpya ilipoichukua nafasi yake mwaka 2022. Faini wakamwachia mzazi: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaruhusu kumtoza hadi shilingi 100,000 za Kenya au kumfunga hadi mwaka mmoja. Zanzibar nao wana Sheria yao ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, kwa hiyo msomaji wa Unguja au Pemba asichukue vifungu ninavyovitaja hapa akaenda navyo kwa sheha.

Kwa hiyo barua ile ikija, anayehojiwa ni wewe. Mtoto wako ana wajibu wa kwenda shule, lakini jina linaloandikwa kwenye hati ya mashtaka, karibu kila mara, ni la mzazi au mlezi. Watu wengi hulipokea hili kama uonevu. Mimi naliona ni afadhali. Huko Texas, Marekani, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo wamepewa makazi, hadi mwaka 2015 mtoto aliyekosa shule alishtakiwa yeye, kwa kosa la jinai, kwenye mahakama za watu wazima, na faini iliweza kufika dola 500. Mtoto ambaye familia yake haina nauli anaandikiwa deni la dola 500! Tangu tarehe 1 Septemba 2015 utoro kule umekuwa shauri la madai, na shule zinatakiwa kujaribu kwanza njia za kumsaidia mtoto kabla ya kumpeleka mahakamani. Ilibidi vizazi vya watoto wapite mbele ya hakimu ndipo walielewe hilo.

Sasa rejista.

Mwanangu wa pili alinifundisha hili kabla sijalisoma popote. Alikuwa kidato cha pili. Kila siku saa 12 na nusu asubuhi anaaga, shati limenyooshwa pasi, soksi nyeupe, mkoba begani. Mwezi wa saba mwalimu wa darasa akanipigia simu kuuliza kama kijana amepata nafuu. Nafuu ya nini? Nikafika shuleni nimevaa kandambili, sikumbuki hata kama nilifunga mlango. Mwalimu akaifungua rejista juu ya meza, akaweka rula chini ya jina lake tusije tukasoma mstari wa mtu mwingine. Vema, vema, vema, kisha U ya wino mwekundu. Vema mbili, U nyingine. Tulizihesabu pamoja, yeye kwa ncha ya kalamu na mimi kwa kidole: siku 23 tangu Januari. Na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka kwenye mikutano ya mtaa kuwaeleza wenzangu habari za Sheria ya Mtoto.

Nikaomba karatasi nikanakili tarehe zote moja moja. Usiku nikazilinganisha na kalenda ya ukutani. Kati ya siku 23, siku 19 zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Kijana hakuwa mtoro wa shule. Alikuwa mtoro wa Jumanne na Alhamisi. Siku hizo alikuwa na vipindi viwili mfululizo vya somo ambalo mwalimu wake, nisimtaje, aliwapanga mbele waliokosa zoezi na kuwachapa kwa hesabu ya maswali waliyokosa. Maswali nane, viboko vinane. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu maalumu. Nilipouliza kitabu hicho kiko wapi, ofisi nzima iliangalia dirishani.

Tangu hapo, mzazi akija kwangu na barua ya mtendaji, swali langu la kwanza ni: unazo tarehe? Tarehe husema. Mtoto anayekosa kila Jumatano, kaangalie kama Jumatano si siku ya gulio. Binti anayekosa siku nne au tano kila mwezi, mwulize mama yake au shangazi yake kuhusu taulo za kike na kama choo cha shule kina maji. Usimwulize wewe baba mbele ya mtendaji. Mtoto wa wazazi waliotengana anayekosa Jumatatu, huyo mwisho wa wiki hulala kwa baba, na nguo za shule ziko kwa mama. Wiki mbili nzima zikikatika wakati wa mavuno, hiyo sababu inajulikana na kijiji kizima, na mtendaji mwenyewe labda ana shamba pale. Siku zilizotawanyika bila mpangilio wowote, hapo ndipo ninapoanza kufikiria vibanda umiza, mashine za dubwi na kijiwe cha kubeti, ingawa kisheria aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari na mwenye kibanda ndiye wa kuulizwa kwanza.

Ukiona vema zinakwenda vizuri kisha zinakoma tarehe moja na hazirudi tena, usisubiri siku ya kikao. Mtoto ambaye hajawahi kukosa halafu anakoma ghafla amepatwa na jambo: ujauzito, kipigo, kudhalilishwa na mtu mzima, au amepelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Nenda siku hiyohiyo.

Walimu wana maneno yao mawili. Utoro wa rejareja ni huu wa siku moja leo, mbili wiki ijayo. Utoro sugu ni ule ambao jina linaitwa asubuhi na darasa zima linajibu kwa pamoja, "Hayupo!" Rejareja haiwashtui watu wengi kwa sababu mtoto bado anaonekana onekana. Lakini kwenye takwimu za serikali, mwaka baada ya mwaka, utoro ndio sababu inayoongoza kuandikwa kwa wanafunzi walioacha shule, msingi na sekondari, ukiziacha mbali mimba na vifo. Nina shaka kidogo na safu hiyo ya takwimu. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi anapojaza fomu ya mdondoko, utoro ni neno rahisi kuliko yote: linaeleza kwamba mtoto hakuja, halielezi kwa nini.

Kwa hiyo ukifika shuleni, salimia, omba kuonana na mwalimu wa darasa, na useme kwa upole, "Mwalimu, naomba ninakili tarehe alizokosa." Mwalimu mzuri hatakunyima. Uliza pia kama shule iliwahi kukuandikia barua, na ziliandikwa lini, maana mara nyingi barua mbili za mwanzo alipewa mtoto azilete mwenyewe, na unaweza kukisia ziliishia wapi. Andika tarehe uliyofika na jina la uliyeonana naye. Kisha kaa na mtoto, mkiwa wawili, baada ya kula. Usianze na "kwa nini unatoroka." Mwekee kalenda mbele, mwonyeshe tarehe moja, umwulize siku hiyo alikuwa wapi. Swali dogo hujibika.

Siku ya kikao, mezani utawakuta mtendaji, Afisa Elimu Kata, mwalimu, pengine na polisi kata. Wakati mwingine mtoto naye huitwa na kusimamishwa pembeni kama kielelezo. Unaweza kuomba akae. Zungumza kwa mpangilio huu: tarehe ulizoziona, sababu uliyoipata, ulichokwisha kufanya, na msaada unaouomba. Mtu akikwambia unajitetea, mjibu kwamba ndiyo, umeitwa ujieleze.

Hapo ndipo karatasi huletwa. Soma kabla ya kusaini, hata kama foleni inakungojea. Kama ni makubaliano, yawe na kitu kinachopimika: mathalani wiki nne za mahudhurio, nani atasaini kila siku, na lini mtakutana tena. "Nitamsimamia mtoto wangu" haisimamii kitu. Kama ni faini, fahamu kwamba mtendaji si hakimu. Sheria ndogo nyingi zina kipengele cha kufifilisha kosa, yaani unakiri kwa maandishi na kulipa papo hapo ili jambo lisifike mahakamani. Hilo ni hiari yako. Ukiona hukukosa, au sababu haikuwa mikononi mwako, una haki ya kukataa kukiri na kuacha shauri liende Mahakama ya Mwanzo ukasikilizwe. Ukikubali, lipa kwa kumbukumbu namba na udai stakabadhi. Noti inayoingia kwenye droo haijalipa faini yoyote, na mwezi ujao utaitwa tena kana kwamba hukuwahi kufika.

Nikupe mfano wa bibi mmoja anayelea wajukuu watatu. Mkubwa, msichana wa darasa la sita mwenye miaka 12, alikuwa akikosa Jumatano zote tangu shule ifunguliwe. Kwenye kikao bibi aliambiwa alete shilingi 50,000 kufikia Ijumaa. Akafungua pindo la khanga, akatoa noti mbili za elfu mbili na sarafu, akazipanga mezani moja moja, halafu akauliza zilizobaki anaweza kulipa kwa vitumbua. Watu walicheka. Yeye hakuwa akitania. Vitumbua ndivyo vilivyomtoa mtoto darasani: bibi huumua unga Jumanne usiku, miguu haimpeleki tena gulioni, na mjukuu ndiye mwuzaji.

Tulipoendelea kuuliza likatoka jingine. Bibi alikuwa mlengwa wa TASAF, ruzuku ya serikali kwa kaya maskini, na malipo yake yalikuwa yamepungua bila yeye kujua sababu. Ruzuku ile ina masharti, na mojawapo ni mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Ukikosa siku moja kila wiki, umebaki na asilimia 80 kamili. Ugonjwa wa siku mbili tu unakutupa chini ya mstari. Jumatano zile zilikuwa zinaingiza pesa ya vitumbua na kutoa pesa ya TASAF, na bibi wa watu hakuwa na namna ya kuiona hesabu hiyo. Faini ikasahauliwa. Binamu wa marehemu mwanawe akachukua meza ya gulioni kwa makubaliano ya kugawana, na mtoto akaruhusiwa kwenda kumsaidia baada ya saa za shule. Sheria haimkatazi mtoto kusaidia kazi za nyumbani kwao. Inachokataza ni ajira kwa aliye chini ya miaka 14, na hata aliyefikisha umri huo, kazi nyepesi anayoruhusiwa ni ile isiyomharibia afya wala kumtoa shuleni. Kwa hiyo ukigundua mwanao anapiga debe stendi, anaokota vyuma chakavu au anashinda machimboni kwa ujira wa mtu, mtaje huyo mwajiri kwenye kikao. Yeye ndiye mwenye kosa kubwa mle ndani, na mara nyingi ndiye ambaye hakuitwa.

Zipo sababu ambazo zikishatajwa, kikao cha utoro kinapaswa kusimama na jambo lihamie kwingine. Ujauzito wa mwanafunzi ni mojawapo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu kinatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na kinakataza mwanafunzi kuoa au kuolewa. Anayesaidia ndoa hiyo, awe mjomba au mshenga, anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 5. Nimeshuhudia vikao ambako wazee waliomba "tuyamalize kifamilia" na mtendaji akanyamaza. Ukiwa mzazi wa binti huyo, usisaini chochote pale. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama ukatili unatoka nyumbani kwenu na huna wa kumwambia, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, bila malipo. Hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Na kuna watoto ambao si watoro kabisa. Mwenye kifafa aliyeanguka darasani mara moja akachekwa. Asiyeona ubao. Aliyerudishwa nyumbani kwa sababu hakuleta mchango, halafu akaandikwa mtoro kwa siku ambazo shule ndiyo iliyomrudisha, ingawa serikali imekataza jambo hilo mara kwa mara tangu elimu bila ada ianze Januari 2016. Kwa hawa peleka cheti cha hospitali, au barua, na uombe rejista irekebishwe.

Sasa nizungumze na mzazi aliyechoka. Huyu huja ofisini akiwa amekata tamaa na kusema, mbele ya mtoto, "Mchukueni mkamfunge jela ya watoto." Anamaanisha shule ya maadilisho, ile ya Irambo, Mbeya. Nimelisikia ombi hili mara nyingi, na sijawahi kulisikia bila kumtazama mtoto usoni. Nakushauri nawe umtazame. Haiwezekani kisheria. Mtoto hupelekwa maadilisho kwa amri ya mahakama baada ya kukutwa na hatia ya kosa la jinai, na hata huko Sheria ya Mtoto hairuhusu apewe adhabu ya kifungo. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kutiwa hatiani kwa kosa lolote, ndivyo Kanuni ya Adhabu inavyosema. Kukwepa hesabu za Alhamisi hakumfikishi mtu Irambo.

Kinachowezekana, pale ambapo shule, kata na nyumbani mmeshindwa, ni kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Huyu anaweza kulipeleka jambo Mahakama ya Watoto, na shauri likawa la matunzo na ulinzi, halina mshtakiwa. Anayesikiliza ni hakimu mkazi. Majengo ya mahakama za mwanzo yanaweza kuteuliwa kutumika kwa kazi hiyo, hivyo si lazima usafiri hadi Kisutu, Dar es Salaam. Shauri husikilizwa faragha, bila watazamaji, afisa ustawi akiwepo na mzazi akiwepo, na mtoto anayo haki ya kusema na kuwa na wakili. Hakimu anaweza kutoa amri ya usimamizi: mtoto anabaki nyumbani kwako huku afisa ustawi akimfuatilia. Au amri ya matunzo, ambayo humtoa mtoto mikononi mwako. Hii ya pili ni nzito, na haitolewi kwa utoro mtupu. Hutolewa pale nyumba yenyewe inapokuwa hatari.

Uamuzi huo hutegemea sana taarifa ambayo afisa ustawi ataiandika baada ya kufika kwako. Siku hiyo watu hupiga deki mpaka ukutani na kuazima makochi ya jirani. Acha. Afisa ataangalia mtoto analala wapi na nani, nani humwamsha asubuhi, anakula nini kabla ya kutoka, na daftari zake zinawekwa wapi. Mwonyeshe karatasi zako za tarehe na makubaliano ya kata. Maafisa hawa ni wachache, mmoja huhudumia eneo kubwa, kwa hiyo usikae ukimngojea. Mfuate, acha namba ya simu, rudi wiki inayofuata.

Usiache muda upite sana. Hesabu inayotajwa shuleni ni siku 90 mfululizo bila taarifa. Baada ya hapo jina linaweza kuondolewa, na mtoto anaingia kwenye safu ya walioacha shule. Kama umeshafika huko, bado kuna njia. Waraka wa Elimu Namba 2 wa Mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurejea kwenye mfumo rasmi. Mkuu wa shule akikwambia hapokei "vichwa vilivyoshindikana", mwombe akuandikie hivyo, upeleke kwa Afisa Elimu. Mara nyingi hataandika, na nafasi itapatikana. Kwa wa msingi aliyepitwa na umri kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Kwa wa sekondari kuna vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambako nimeona wasichana waliolea watoto wao mgongoni wakafanya mtihani wa kidato cha nne. Na kwa kuwa Sera ya Elimu toleo la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, mzazi mwenye mtoto wa darasa la kwanza leo ajiandae: sababu ya "amemaliza la saba, inatosha" haitakuwa na pa kusimama.

Wa kwangu hakufika kwa mtendaji, kwa bahati tu, kwa sababu mwalimu wake alitanguliza simu. Mkuu wa shule alimhamishia mkondo mwingine, na suala la viboko nikalipeleka kwa maandishi bodi ya shule. Tukakubaliana na kijana abebe daftari dogo la kurasa 48: mwalimu wa darasa anasaini mchana, mimi nasaini usiku, ukurasa mmoja kwa siku. Wiki ya kwanza alilibeba kwa kununa, kama mtu aliyebebeshwa ndoo ya mwenzake. Saini zilikwenda hadi ukurasa wa 31. Wa 32 ukarudi mtupu. Nikakaa nalo mapajani, nikampigia mwalimu moyo ukinidunda. Akaniambia kijana yupo, amekaa dirishani palepale, ila yeye mwalimu amechoka kusaini.